Kivuli na Uzito katika Picha za Waja Wazito: Usagara na Kando ya Ziwa Viktoria

Kiswahili humwita mwanamke mwenye mimba mja mzito, na siku hizi maneno hayo mawili aghalabu huunganishwa na kuandikwa mjamzito. Mja ni kiumbe, mwanadamu. Uzito ni ule anaoubeba. Jina hilo ni la adabu, maana halitaji tumbo wala kilichomo tumboni. Walakini ni la kweli pia, kwa kuwa lashika lile lililo kubwa katika hali yake: mtu huyu ameongezeka uzito, na uzito huo waonekana katika kusimama kwake, katika mgongo uliopinda kuelekea nyuma, na katika mkono unaoegemezwa kiunoni. Mpiga picha aitwaye kumpiga picha mja mzito hana mzani mkononi. Kamera haipimi kitu ila mwanga. Basi swali lililo mbele ya mhakiki wa picha hizo ni jinsi mwanga uwezavyo kuonyesha uzito, na kwa sababu gani picha nyingi za namna hii zinazopigwa katika Mwanza na vitongoji vyake, zingawa ni safi na rangi zake ni nzuri, zamwonyesha mtu asiye na uzito hata kidogo.

Usagara inayohusika hapa isichanganywe na nchi ya Wasagara huko Kilosa, ile ambayo Carl Peters aliiendea mwaka 1884 kutafuta mikataba, na ambayo jina lake limejaa katika vitabu vya historia. Hii ni njia panda iliyoko katika Wilaya ya Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza. Hapo barabara itokayo mjini yagawanyika: moja yaelekea Shinyanga, na nyingine yashuka upande wa magharibi mpaka Kigongo, kwenye Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi wasafiri wa Sengerema na Geita walivuka ghuba hiyo kwa kivuko. Tangu mwezi wa Juni 2025 huvuka kwa daraja lenye urefu wa kilometa 3. Mwanamke wa huko atakaye picha ya ujauzito wake ana mahali pa namna tatu pa kuchagua: chumba cha studio chenye pazia na taa, ua au mlango wa nyumba yake, na ufuko wa ziwa pamoja na miamba yake ya matale. Kila mahali pana mwanga wake na hasara yake.

Desturi yenyewe si ya zamani katika nchi hizi. Studio zilizoanza Unguja katika karne ya 19, na zile zilizofuata, kama Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, zilijulikana kwa picha za jamaa, za wakubwa na za sherehe. Mimba haikuwa miongoni mwa mambo yaliyompeleka mtu studio. Katika nyumba nyingi ilifunikwa kwa khanga na haikutajwatajwa, kwa kuogopa kijicho. Ulaya mambo yalikuwa tofauti kidogo, maana Uingereza, mwishoni mwa karne ya 16, Marcus Gheeraerts alichora mabibi wa kikabaila waliokuwa na mimba iliyo wazi kabisa. Lakini mtindo wa sasa, unaoenea kwa simu kutoka mji hata mji, watokana zaidi na picha moja: ile ya Demi Moore, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, iliyopigwa na Annie Leibovitz na kutiwa kwenye jalada la Vanity Fair la Agosti 1991. Katika maduka mengine ya Marekani gazeti hilo liliuzwa limefungwa kwa karatasi. Mwaka 2017 ikaja picha ya Beyoncé, kazi ya Awol Erizku, ikaenea duniani kwa siku moja.

Picha hizo ziliigwa, na Mwanza ni mahali pamoja tu kati ya pengi palipoziiga. Lakini yafaa kuuliza ni nini hasa kilichoigwa. Kilichoigwa ni mkao: mwanamke amegeuka ubavu, mkono mmoja uko juu ya tumbo na mwingine chini yake. Mwanga haukuigwa. Mkao huonekana na kila mtu, na fundi aweza kumwagiza mteja kwa maneno mawili; mwanga hauonekani ila na yule aliyezoezwa kuutazama, na hauagizwi kwa maneno.

Picha ya kawaida ya studio huwa hivi. Mwanamke amesimama mbele ya pazia, naye amevaa gauni refu, jekundu au jeupe, lililonyoshwa likatandazwa sakafuni. Taa iko juu ya kamera yenyewe. Au ni taa ya mviringo iliyoizunguka lenzi. Au ni taa mbili zilizowekwa kuume na kushoto kwa nguvu sawasawa. Katika namna zote tatu matokeo ni mamoja. Mwanga watoka pale pale panapotoka jicho la kamera, kwa hiyo kila kivuli chaanguka nyuma ya kitu kinachokitupa, mahali ambapo kamera haiwezi kupaona. Paji la uso, kifua, tumbo na mikono vyote vyang'aa kwa kiasi kimoja. Tumbo lililo kama mtungi lageuka kuwa kama sahani. Mtazamaji ajua kwamba kuna tumbo, kwa kuwa mikono imelishika na gauni limekatwa kwa ajili yake, lakini jicho lake haliambiwi kitu. Ni kama kusoma anwani ya barua bila ya kuifungua.

Lugha ina vitenzi viwili vinavyofaa kutenganishwa hapa. Kumulika ni kuelekeza taa juu ya kitu ili kikamatwe na jicho. Mlinzi humulika mwizi, na msafiri humulika njia asikanyage nyoka. Kuangaza ni kutia mwanga mahali hata vitu vilivyomo vikaonekana jinsi vilivyo. Taa iliyo juu ya kamera humulika. Yamkamata mja mzito kama mtu aliyefumaniwa gizani, na ndiyo sababu macho katika picha hizo, hata ya mwanamke mwenye furaha, mara nyingi yana mshtuko ndani yake. Dirisha huangaza. Tofauti hiyo haikuandikwa katika mafunzo ya upigaji picha, ambayo karibu yote ni ya lugha za kigeni, ilhali mtu yeyote asemaye Kiswahili huitumia kila siku bila ya kufikiri.

Hata hivyo si haki kuwalaumu mafundi wa taa ya mbele kana kwamba ni wavivu. Taa hiyo ilikuja kuponya ugonjwa. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha za rangi zilipima rangi kwa kadi ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe, nayo kadi hiyo ikaitwa Shirley. Filamu na mashine vilipangwa ili ngozi yake itoke sawa. Ngozi nyeusi haikuwamo katika hesabu. Lorna Roth, mtaalamu wa Kanada aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 2009, ameonyesha kwamba miongoni mwa waliolalamika kwa nguvu walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, maana bidhaa zao za hudhurungi hazikutofautiana katika matangazo. Kwa hiyo mbao na peremende zilipata utetezi kabla ya watu. Mwanamke mweusi aliyepigwa picha ya rangi kwa filamu za wakati huo, akisimama kando ya bwana harusi mwenye shati jeupe, aliona katika picha shati, meno na doa jeusi. Taa kali ya usoni ilikuwa njia ya haraka ya kumtoa katika doa hilo. Mteja anayemwambia fundi leo amwongezee mwanga hata atoke mweupe hasemi upuuzi. Yu bado akumbuka, au mama yake yu bado akumbuka, ile aibu ya kupotea ndani ya picha yake mwenyewe.

Lakini dawa imedumu baada ya ugonjwa kupona. Kamera za siku hizi zaweza kushika giza na mwangaza kwa upana usiolinganishwa na wa filamu za zamani, na hapana haja tena ya kumpiga mtu kwa taa ili asipotee. Tena, hata katika enzi ya filamu, walikuwako wasiopita njia hiyo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alifanya kazi zaidi uani, kwa mwanga wa mchana, na filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Katika picha zake nyuso nyeusi zina kina, nguo ina mikunjo, na mkono wa mwanamke ulioegemea kiti una mviringo unaoweza karibu kushikwa. Hakuwa na taa nzuri kuliko mafundi wa Mwanza wa leo. Alikuwa na ua, nao mwanga wa ua watoka juu na upande mmoja, hautoki kwenye lenzi.

Hapa pana jambo la ufundi ambalo vitabu vingi vya mafunzo hulipita haraka, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyingine. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa kivuli: upande ulioelekea taa ni mweupe, upande wa pili ni wa kijivu, na jicho lajua kwamba kitu hicho ni mviringo. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kutoka ndani yake, kwa hiyo ule urudishwao na uso wa ngozi wenyewe, yaani mng'ao, hutokeza zaidi. Umbo la mtu mweusi katika picha huchorwa na kivuli pamoja na mng'ao, na mara nyingi mng'ao ndio wenye kazi kubwa. Mng'ao una tabia moja: hufuata ukubwa wa taa. Taa ndogo hutoa mng'ao mdogo, mkali, kama tone la rangi nyeupe kwenye paji la uso, ncha ya pua na kilele cha tumbo. Ndiyo ile alama ambayo watu husema kwamba uso umetoka na mafuta. Dirisha pana, au shuka jeupe lililotundikwa mbele ya taa, hutoa mng'ao mrefu na mpole unaoteremka juu ya shavu, begani na ubavuni mwa tumbo kama njia ya maji, nao ukiteremka huandika mviringo. Mafundi wengi humfuta mteja uso kwa poda ili kuondoa mng'ao. Yafaa kubadili taa kabla ya kuufuta uso.

Ukubwa wa taa si ukubwa wa chombo chenyewe tu. Ni ukubwa wake mbele ya yule anayeangazwa. Dirisha la upana wa meta 1 ni kubwa kwa mtu aliye meta 1 kutoka kwake, na ni dogo kwa aliye meta 4. Tena nguvu ya mwanga wa taa hupungua upesi kuliko umbali unavyoongezeka: taa ikisogezwa kutoka meta 1 hadi meta 2, mwanga umfikiao mtu hubaki robo. Sheria hiyo, ijulikanayo na kila mwanafunzi wa fizikia, ndiyo siri yote ya uzito katika picha ya mja mzito. Taa kubwa ikiwa karibu sana ubavuni, upande wa tumbo ulioielekea hujaa mwanga, na mgongo, ulio nusu meta tu kutoka hapo, huwa tayari umeingia katika giza. Kati ya hayo mawili mwanga hupungua polepole, na jicho huusoma upungufu huo kuwa ni wingi wa mwili. Taa ile ile ikiwekwa mbali humpaka mwanamke mzima rangi moja.

Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, aliwashauri wachoraji wawatazame watu walioketi katika mlango wa nyumba yenye giza, maana hapo nyuso hupata mwanga na kivuli vyenye neema kupita kiasi. Kadhalika alipendekeza ua wenye kuta nyeusi na turubai la kitani juu yake kwa siku za jua. Mtu wa Usagara hana haja ya kujenga ua huo. Nyumba ya matofali yenye mlango mmoja wa mbele na madirisha madogo, ambayo mpiga picha wa mjini huiona kuwa ni mahali pa unyonge pasipofaa kazi yake, ndiyo hasa chumba cha Leonardo. Mja mzito akiketi hatua moja ndani ya mlango, ubavu wake ukiwa umeelekea nje, mbingu yote iliyo mbele ya mlango huwa ni taa yake, na giza la chumba huwa ni pazia lake. Sakafu ikiwa nyekundu au ya udongo, khanga nyeupe hutandikwa chini ili rangi isirudi usoni. Gharama ya vyote hivyo ni ya khanga. Picha za namna hiyo hupigwa kweli, lakini hupigwa na ndugu na wifi kwa simu, kwa bahati, wala haziwekwi katika fremu. Zile zinazowekwa sebuleni ni za pazia na taa ya mviringo. Huo ni upotevu.

Ufukoni mambo yana ugumu zaidi, na hapo ndipo maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya humpoteza mtu kabisa. Mwanza iko karibu digrii 2 na nusu kusini ya ikweta. Jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na hata katika Juni na Desemba halishuki wakati wa adhuhuri chini ya digrii 60. Tena saa ya Afrika ya Mashariki imepimwa kwa longitudo ya digrii 45, ilhali Mwanza iko karibu na digrii 33. Kwa hiyo jua la utosi halifiki saa sita kamili, ila yapata saa saba kasoro dakika 12. Fundi anayeanza kazi saa tisa akidhani kwamba jua limekwisha kupoa amekosea kwa karibu saa nzima. Jua la utosi ni adui wa mja mzito kuliko wa mtu mwingine yeyote: laangaza paji la uso, kifua na juu ya tumbo, lachimba mashimo mahali pa macho, na tumbo lenyewe latupa kivuli kizito juu ya mapaja, hata mtu aonekana amekatwa vipande viwili.

Jua la huko hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa. Digrii 10 za mwisho, ambazo mwanga wake ni laini na wa manjano, humalizika kwa dakika 40. Vitabu vya nchi za kaskazini husifu saa ya dhahabu kana kwamba mtu ana jioni nzima. Kando ya Ziwa Viktoria ni dakika 40 tu, na mwanamke mwenye mimba ya miezi minane hawezi kuharakishwa juu ya mawe. Lazima awe amekwisha fika, amepumzika, amevaa, naye ameketi mahali pake, kabla dhahabu haijaanza.

Pana jambo jingine la jiografia ambalo halina budi kuzingatiwa. Mji wa Mwanza, na Kigongo vilevile, uko ufuko wa mashariki wa ghuba. Maji yako magharibi, na jua huzama juu yake. Asubuhi, mpiga picha atakaye kuliweka ziwa nyuma ya mteja analipa jua mgongo, na mwanga wamwendea mwanamke moja kwa moja usoni. Ni ile ile taa ya mbele, ingawa imetoka mbinguni. Jioni, jua liko nyuma ya mwanamke, kamera yaona mwangaza mwingi wa maji, yapunguza nguvu yake yenyewe, na mwanamke awa mweusi tititi. Kutokana na hali hiyo umezaliwa mtindo wa picha ya kivuli kitupu: ziwa la dhahabu, na mbele yake mstari mweusi wa mwanamke mwenye tumbo. Picha hiyo hupendwa sana, na hapana ubishi kwamba mstari wa tumbo huonekana wazi kuliko katika picha nyingine yoyote. Lakini ni tumbo la nani? Uso haumo. Ni alama ya mimba, kama ile ichorwayo kwenye ubao wa kliniki, na mtoto atakayeonyeshwa picha hiyo miaka ishirini baadaye itambidi aambiwe kwamba huyo ni mama yake.

Njia iliyo bora haihitaji chombo. Mwanamke na asimame sambamba na ufuko, akielekea kaskazini au kusini, ili jua la jioni limpige ubavuni; kamera nayo iutazame ufuko kwa urefu wake, ikipata maji upande mmoja na miamba upande wa pili. Ziwa litaonekana kidogo tu. Mwamba wa itale ulio upande wa kivuli utamrudishia mwanga kiasi, wa kijivu na wa upole, bora kuliko ule urudishwao na maji. Maji yasiaminiwe upesi: mwanga wake hutoka chini, nao huangaza kidevu na matundu ya pua, mahali ambapo mwanga wa kawaida hauingii. Wakati wa masika na vuli, mawingu yakitanda, hesabu yote ya dakika 40 huanguka, na mtu aweza kufanya kazi mchana kutwa; ajabu ni kwamba ndizo siku ambazo wateja huahirisha kwa kusema hapana mwanga.

Mwili wenyewe wa mja mzito nao una ratiba yake. Miguu huvimba zaidi jioni. Uso huweza kuvimba asubuhi. Kwa hiyo picha ya jioni yafaa ikatwe juu ya vifundo, au gauni lishuke, na picha ya asubuhi yahitaji uangalifu wa uso: mwanga uangukie shavu lililo mbali na kamera, na shavu lililo karibu libaki katika kivuli, hapo uso hupungua upana bila ya kuguswa na mashine. Mabaka ambayo mimba huyaleta mashavuni hupungua ukali wake chini ya mwanga mpana, na hukasirika chini ya taa ndogo. Mtindo wa kumlaza mwanamke chali juu ya maua ili apigwe picha kutoka juu haufai kuendelezwa katika miezi ya mwisho, hata mwanga ukiwa mzuri namna gani, maana uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, na mtu aweza kuzimia.

Hoja ya kijicho yahitaji kurudiwa, kwa kuwa wako wasemao kwamba picha za ujauzito ni ugeni mtupu usio na nafasi katika adabu za watu hawa. Hoja hiyo haina nguvu ihusupo picha yenyewe, bali ina nguvu nyingi ihusupo taa ya mbele. Adabu ya zamani haikukataa kwamba mja mzito apendeze; ilitaka asitirike. Taa imulikayo kila kitu haina stara: hueleza yote, hata mshono wa gauni. Kivuli ni stara. Katika picha ya mlangoni tumbo limo, zito na la mviringo, lakini nusu yake iko gizani, na mtazamaji ameachiwa tu kile ambacho mwenyewe amekubali kionekane. Mwanamke aweza hata kuvaa khanga zake mbili za kila siku badala ya gauni la kukodi, na heshima isipungue. Picha ya Leibovitz ilizua kelele kwa uchi wake. Mafundi wa huku wameondoa uchi wakaongeza nguo, wakadhani kwamba wamekwisha maliza habari ya adabu, ilhali taa yao bado humvua mtu kwa namna yake.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa hilo hilo wanaijua thamani ya giza. Usiku hutoka na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, na mtu aliye nchi kavu huona mstari wa mianga juu ya maji kama mji wa pili. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana taa haina kazi mahali palipokwisha angazwa. Studio zenye taa nne na kuta nyeupe zimejiletea mwezi mpevu wa kila siku.

Lililobaki ni la maneno. Fundi wa Mwanza azungumzapo juu ya taa zake hutumia istilahi za kigeni karibu zote, na akijaribu kumweleza mteja husema tu kwamba mwanga ni mzuri au ni mbaya, mwingi au mchache. Neno mwanga lenyewe lina walakini: kwa maana yake ya pili ni mchawi arukaye usiku, na kamusi za Kiswahili huyaweka majina hayo mawili jirani. Nuru ni neno zuri, ila limeelemea mno upande wa dini. Mwanga wa mbele, mwanga wa ubavuni, mwanga wa utosi, mwanga wa nyuma: hayo yaeleweka na kila mtu na yatosha kwa kuanzia. Kwa kulainisha mwanga, studio zina chombo kinachofanana kabisa na kile cha kuzuilia mvua, nacho huitwa mwavuli. Shina la neno hilo ni lile lile la kivuli na uvuli. Mwavuli wa njiani humpa mtu uvuli kwa kuzuia jua; mwavuli wa studio haumzuii mtu mwanga, bali hueneza mwanga wa taa hata kivuli chake kikawa na mpaka laini. Maana hiyo ya pili yastahili kuandikwa katika kamusi chini ya mwavuli, mara tu baada ya mvua na jua.